Hesabu ya Vyungu Sita

Leo nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, nami ni mwalimu wa hesabu. Mwalimu hapendi kuonyesha makosa yake mbele ya watu, kwa maana akifika darasani kesho yake, watoto watagusana viwiko na kucheka. Lakini kosa hili lilimgharimu mama yangu jasho la siku nyingi; tena, nilipokwisha kulielewa, lilinifumbua macho siku ile mtoto wangu alipokuwa kati ya uhai na mauti. Kwa hiyo naona si haki kulificha.

Kwetu ni pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini, chini ya milima ya Livingstone. Sisi ni Wakisi, na wanawake wa Kikisi wanasifiwa kote kwa ufinyanzi. Mama yangu ni mmoja wao. Hana mashine yo yote. Ana mikono yake, na jiwe laini la kusugulia, na macho yaliyozoea. Vyungu vikiisha kuchomwa hupakiwa mtumbwini na kupelekwa Matema, ambako kila Jumamosi kuna soko.

Mwaka wa 2016 nalikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Siku moja akaja mtu mwenye nyumba ya wageni, akaona vyungu vya mama, vile vya mviringo, ambavyo upana wake ni sentimita 20, na bei yake shilingi 3,000 kila kimoja. Akasema, “Mama, navipenda hivi, lakini nataka vikubwa zaidi. Nitengenezee sita vya umbo hili hili, ila upana uwe sentimita 40.” Kisha akauliza bei.

Mama akakaa kimya kidogo, akiupima upana ule kwa mikono hewani. Mimi sikumngoja. Nikatoa kalamu, nikasema, “Jambo hili ni rahisi. Upana umeongezwa mara mbili, basi na bei iongezwe mara mbili. Kila chungu shilingi 6,000. Vyungu sita ni shilingi 36,000.”

Mama akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, chungu kile si sawa na vyungu viwili. Kile ni vyungu vinne, labda na zaidi.”

Nikamjibu, “Mama, hii ndiyo hesabu ya uwiano. Nimeisoma na kuifundisha. Mara mbili ni mara mbili.”

Akanitazama, akanyamaza, kwa maana mimi ndimi niliyesoma. Yule mtu akafurahi sana, nasi tukaandikiana karatasi, mama akaweka jina lake chini.

Sasa sikilizeni habari ya udongo. Kikapu kimoja cha udongo wa mfinyanzi hutoa vyungu vidogo vinne. Nami nalihesabu hivi: vyungu vikubwa sita ni sawa na vidogo kumi na viwili, basi vikapu vitatu vitatosha. Mama akaenda machimboni mara tatu, akauchukua udongo kichwani, akauponda, akautoa changarawe. Vikapu vitatu vilipokwisha, nikaja kutazama. Vyungu vilivyosimama uani vilikuwa vitatu tu. Akarudi machimboni mara ya nne, na ya tano, na ya sita. Hata kikapu cha saba kikaguswa, maana chungu kikubwa kinataka kitako kinene kidogo kuliko kidogo, kisije kikapasuka kwa uzito wa maji. Kuni nazo zikawa nyingi kuliko tulivyofikiri.

Nikamwambia, “Mama, twende tukamwombe yule bwana aongeze bei.” Akakataa. Akasema, “Jina langu limo katika karatasi. Siwezi kulirudisha.” Akavimaliza vyote sita, akapokea shilingi zake 36,000, wala hakunilaumu kwa neno lo lote. Laiti angalinilaumu! Usiku sikupata usingizi. Nalijiuliza: Mwanamke asiyepata kusoma zaidi ya darasa la nne aliijuaje hesabu ambayo mwalimu hakuijua?

Asubuhi nikachukua chungu kimoja kidogo na kipande cha makaa. Nikachora juu ya chungu mraba mdogo, upana kidole kimoja na urefu kidole kimoja. Nikafikiri: Kama chungu hiki kingekua, kama mtoto anavyokua, mpaka upana wake uwe mara mbili, mraba huu ungekuwaje? Upana wake ungekuwa vidole viwili, na urefu wake nao vidole viwili. Nikachora mraba huo mkubwa chini, nikaugawa kwa mistari, nikaona miraba midogo minne ndani yake. Ndipo nilipoona aibu. Kosa langu lilikuwa dogo kama punje ya haradali na kubwa kama mlima: nalikumbuka upana, nikasahau urefu. Udongo wa chungu ni kama ngozi yake, na ngozi hutandazwa pande mbili. Ukiongeza mara mbili upande huu, na mara mbili upande huu, basi ni mbili mara mbili, yaani nne.

Na kama upana ungeongezwa mara tatu, ngozi ingekuwa tatu mara tatu, yaani tisa. Ukiongezwa mara kumi, ngozi ni mara mia. Hii ndiyo kanuni, nayo inashika kila kitu cha mviringo kama mpira, kiwe kidogo kama zabibu au kikubwa kama dunia. Chungu chetu si mpira kamili, kwa kuwa kina mdomo. Lakini maadamu kikubwa na kidogo vina umbo moja, kanuni ni ile ile.

Sikutaka wanafunzi wangu waipokee kanuni hii kwa kuamini maneno ya mwalimu tu, kwa sababu wameona mwenyewe nilivyokosea. Nikawaletea machungwa na balungi moja, nikachagua balungi ambalo upana wake ulikuwa mara mbili ya upana wa machungwa. Nikakata chungwa moja katikati, nikaliweka juu ya karatasi, nikazungusha kalamu kulizunguka, nikapata duara. Nikachora maduara mengine sawasawa na hilo. Kisha nikawaambia watoto, “Menyeni chungwa zima la ukubwa huo huo, mrarue ganda vipande vidogo, mvipange ndani ya maduara bila kuacha nafasi. Tuone ganda litajaza maduara mangapi.”

Mmoja akasema mawili, mwingine akasema matatu. Wakapanga, wakajaza moja, wakajaza la pili, na la tatu, na la nne. Na hapo ganda likaisha. Wakachukua chungwa jingine, ikawa vile vile: maduara manne. Ndipo tukamenya balungi, tukapunguza ule unene mweupe, tukaanza kupanga katika maduara yale yale ya chungwa. Yakajaa manne, yakajaa manane, yakajaa kumi na mawili, na watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti kubwa hata mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Ganda likaisha katika duara la kumi na sita. Nne mara nne. Tangu siku hiyo hapana mtoto wa darasa lile aliyesahau.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuwa alilithibitisha jambo hili la maduara manne aliitwa Archimedes. Alikaa katika mji wa Sirakusa, mji ule ule ambao Mtume Paulo alikaa siku tatu alipokuwa akisafirishwa kwenda Rumi. Lakini Archimedes aliishi zamani zaidi. Aliuawa na askari wa Kirumi mji ulipotekwa, mwaka wa 212 kabla ya Kristo. Yeye hakutumia maganda; alionyesha kwa hoja tupu kwamba ngozi ya tufe lo lote ni sawa kabisa na maduara manne ya upana wa tufe hilo. Alionyesha tena kwamba tufe likitiwa ndani ya mkebe wa mviringo linalouenea pande zote, juu na chini, basi ngozi ya tufe ni theluthi mbili za ngozi ya mkebe pamoja na kifuniko na kitako chake. Alilipenda neno hili kupita kazi zake zote, hata akataka kaburi lake litiwe alama ya tufe na mkebe. Mwaka wa 75 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mashuhuri wa Kirumi, alilitafuta kaburi hilo, akalikuta limefunikwa na miiba. Naye akalitambua kwa alama hiyo.

Basi anayetaka kupima ngozi ya tufe na afanye hivi. Apime kutoka katikati mpaka ukingoni, yaani nusu kipenyo. Akizidishe kipimo hicho kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa 4. Tukilichukua chungu dogo la mama kama tufe, nusu kipenyo ni sentimita 10. Kumi mara kumi ni 100, mara 3.14 ni 314. Mara 4 ni sentimita za mraba 1,256. Chungu kikubwa nusu kipenyo chake ni sentimita 20. Ishirini mara ishirini ni 400, mara 3.14 ni 1,256. Mara 4 ni sentimita za mraba 5,024. Gawanya 5,024 kwa 1,256, utapata nne kamili. Mama alisema, “Kile ni vyungu vinne, labda na zaidi.” Ile “zaidi” ndiyo kikapu cha saba.

Mshahara wangu ulipofika, nikahesabu shilingi 36,000, ndizo alizopunjwa kwa hesabu yangu, nikampelekea mama. Nikampigia magoti, nikamwambia, “Mama, vyungu vile bei yake ilikuwa shilingi 12,000 kila kimoja. Nalikosa.” Akazipokea, akazihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la kanga. Kisha akaniambia, “Hukunidhulumu, mwanangu. Ulikuwa na haraka.” Nikamwuliza alijuaje. Akacheka, akasema, “Mkono unajua. Mtu akiwa amebeba udongo miaka thelathini, hawezi kudanganywa habari ya udongo.”

Yalikuwapo mengine ambayo mkono wake ulikuwa unayajua, nami sikujua bado. Siku ile nikataka kupima tumbo la vyungu, yaani maji yanayoingia ndani. Chungu kimoja kikubwa kilikuwa kimepata ufa mdogo mdomoni, yule bwana akakikataa, mama akalazimika kufinyanga kingine. Kile chenye ufa kikabaki nyumbani. Nikachota maji kwa chungu kidogo, nikamimina ndani ya kikubwa. Nalidhani mara nne itatosha. Nikamimina mara nne, maji yakafika nusu tu. Nikaendelea, na mara ya nane yakafika mdomoni. Nikaelewa: ngozi hutandazwa pande mbili, lakini tumbo lina pande tatu, yaani upana na urefu na kina, kwa hiyo ni mbili mara mbili mara mbili, nazo ni nane.

Mama akasimama karibu, akanitazama nikilowa maji kama mtoto. Akasema, “Ndiyo maana nilipokuwa nikimwekea baba yako uji, naye yuko ziwani akivua mpaka usiku, sikuuweka katika chungu kidogo. Chungu kidogo hupoa upesi.” Nikafikiri juu ya neno hilo njia nzima. Joto la uji limo tumboni, lakini hutokea ngozini. Chungu kikubwa kina tumbo mara nane, lakini ngozi mara nne tu. Basi kila kikombe cha uji kilichomo ndani ya chungu kikubwa kina nusu tu ya ngozi ya kupotezea joto, kikilinganishwa na kikombe kilichomo katika chungu kidogo. Kitu kikikua, tumbo hulishinda ngozi. Kitu kikiwa kidogo, ngozi hulishinda tumbo.

Nikaliandika neno hilo katika daftari yangu, nikadhani limekwisha.

Mwaka wa 2019 mke wangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mimba ikiwa na miezi saba. Tukampeleka hospitali usiku, na alfajiri akazaa mtoto wa kiume. Uzito wake ulikuwa gramu 1,600. Naliona mkono wake, ukubwa wake kama kidole gumba changu na nusu yake. Hakulia kwa nguvu. Nilipomgusa mguu, nikaona umekuwa baridi, ingawa chumba chenyewe kilikuwa na joto hata mimi nalitoka jasho.

Nikafikiri, kama wengi wafikirivyo, ya kuwa heri mtoto aachwe alale peke yake katika nguo nyingi, asisumbuliwe. Muuguzi akaniambia, “Mwalimu, huyu ni mdogo mno. Joto linamtoka upesi kuliko awezavyo kulifanya. Nguo peke yake hazina joto. Huzuia tu joto lililopo. Tutamweka kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku.” Akamvua, akamwachia nepi na kofia na soksi, akamlaza kifuani mwa mke wangu katikati ya maziwa yake, akawafunga pamoja kwa kanga, kisha akawafunika.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Watu wengine wa ukoo walinung'unika, wakisema mtoto atabanwa, hatapumua. Mama akawajibu, “Kwani chungu kidogo si ndicho kipoacho kwanza? Mwacheni akae karibu na chungu kikubwa.”

Ndugu wasomaji, neno lile likanipiga. Hesabu ya maganda ya machungwa, niliyoifundisha darasani kwa kucheka, ilikuwa imelala pale kitandani. Mwili wa mtu si tufe, lakini kanuni ya ngozi na tumbo inaushika nao. Mtoto wa gramu 1,600, kwa kila kilo ya mwili wake, ana ngozi karibu mara tatu kuliko mtu mzima. Tena ngozi yenyewe ni nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo, wala hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Basi yeye ni chungu kidogo chenye moto mdogo na ngozi nyingi. Akiwekwa peke yake hupoa. Akifungwa kifuani mwa mama, sehemu kubwa ya ngozi yake haiguswi tena na hewa. Yeye na mama wamekuwa kama mwili mmoja mkubwa.

Baadaye nalisoma habari za njia hii. Ilianzishwa mwaka wa 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, na daktari aitwaye Edgar Rey Sanabria, kwa sababu hospitali ilikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku zao, na zile mashine za kuwatunzia joto hazikutosha. Inaitwa njia ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye huchukua mtoto wake katika mfuko wa ngozi tumboni. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wanaozaliwa na uzito mdogo watunzwe hivyo, hata mahali penye mashine.

Mke wangu alipotaka kula au kuoga, mimi nilifungua shati, nikamchukua mtoto kifuani mwangu. Nalisikia moyo wake ukipiga upesi kama wa ndege. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili nikalala usingizi naye yuko pale, na muuguzi akatuamsha kwa kicheko. Miguu yake ikapata joto. Akaanza kunyonya. Wiki zikapita, akafika gramu 2,100, nasi tukaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sharti kwamba tuendelee vile vile mpaka akue na kukataa mwenyewe. Leo amekwisha kuanza shule, naye ni mtundu kama watoto wote.

Kwa nini nimewaandikia haya yote? Ni kwa kuwa naona watu wengi wakipata hasara kwa kosa lile lile langu. Mtu hununua rangi kwa ajili ya tangi la mviringo, naye husema, “La jirani upana wake ni nusu ya langu, alitumia kopo moja, basi mimi nitatumia mawili.” Atahitaji manne. Mwingine hushonea watoto mpira wa ngozi, hukata ngozi mara mbili kwa mpira wenye upana mara mbili, akashangaa haufungi. Tena wako wazazi ambao mtoto wao amezaliwa mdogo, nao humweka peke yake penye upepo, wakidhani kwamba joto linalowatosha wao litamtosha na yeye.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kitu kimekuwa mara mbili, mwulize kwanza: mara mbili ya nini? Kama unapima kamba ya kukizunguka, ni mara mbili. Kama unapima ngozi yake, ni mara nne. Kama unapima kinachoingia tumboni, ni mara nane. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, wala moja haliwezi kusema kwa niaba ya jingine.

Nami mpaka leo humwandikia mama karatasi zake za bei. Lakini kabla ya kushika kalamu, humwuliza yeye kwanza, nikangoja mpaka amalize kupima kwa mikono hewani.